Simu za Pole

Mume wangu akivunja kioo hutukana kwanza. Hukitukana kioo, humtukana aliyekikata vibaya hata kama ni yeye mwenyewe, halafu hupaza sauti, "Mzima!" ili nijue kwamba huko nyuma hakuna aliyeumia. Mimi ni msusi. Saluni yangu iko mbele, karakana yake ya vioo na aluminiamu iko nyuma, na katikati kuna ukuta mwembamba na pazia. Kwa miaka yote niliyosikia vioo vikipasuka, masikio yangu yamekuwa sugu. Siku ile mpasuko ulikuwa mkubwa kuliko kawaida, lakini vidole vyangu havikusita kwenye kichwa cha mteja. Nilikuwa nasubiri tusi.

Tusi halikuja.

"Mbona kimya?" aliuliza mteja wangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya jirani, nami humwita hivyo hivyo, Mwalimu. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa umeshasukwa ukatulia, upande wa pili nywele zimesimama zikisubiri zamu yao.

Nilivuta pazia nikaingia.

Fundi, maana hata mimi mkewe namwita Fundi kama mtaa mzima unavyomwita, alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kauegemeza kwenye meza ya kukatia, mguu wa kulia umenyooka mbele yake. Kioo cha dirisha la duka alichokuwa akikishusha kilikuwa kimemponyoka, na alipogeuka kukikwepa kikamfyeka nyuma ya goti. Damu ilikuwa inaruka, inatulia, inaruka tena. Aliutazama ule mguu kama mtu anayetazama mzigo wa mwenzake.

"Mama watoto," alisema taratibu, "kile kilikuwa kioo cha watu."

"Kioo kiende zake huko! Nyamaza, usitikisike."

Nilichomoa taulo begani, nikaikunja, nikaisukuma nyuma ya goti lake na kuikandamiza kwa mikono miwili. Nilipokandamiza kwa nguvu zote, damu ilipungua. Nilipolegeza kidogo ili nijiweke sawa, iliruka mpaka kwenye aproni yangu. Hapo nikajua kazi yangu ni moja tu, kutoachia. Nikapiga kelele Mwalimu alete simu yangu, kwa kuwa yake ilikuwa imezima, na ya Fundi ilikuwa mahali fulani chini ya vipande.

Mwalimu alipiga namba ya dharura, akaiweka spika, akailaza simu kwenye kigoda kando yangu. Ukapigwa muziki. Kuna watu walikaa mahali wakachagua muziki wa kumpigia mtu ambaye mumewe anavuja damu, na ningependa siku moja nikutane nao. Muziki ulipokatika, sauti ya mwanamke ilisema, imetulia kabisa, "Dharura, nikusaidie nini?"

Nilimweleza. Akaniuliza mtaa, nikamtajia. Akaniuliza namba ya nyumba.

"Huku hakuna namba. Sema nyuma ya maduka ya vipuri, kichochoro cha pili, mlango wa bati."

"Kwenye ramani naona maduka, halafu naona ukuta."

"Ukuta upo. Sisi tuko nyuma ya ukuta. Gari lisije kwa mbele, lizunguke kwenye mashine ya kusaga."

"Mashine ya kusaga siioni, dada."

"Utaionaje na wewe uko huko?"

Nilikuwa nabwata. Yeye hakubwata, na namshukuru kwa hilo, ingawa wakati ule utulivu wake ulinikera kuliko muziki. "Dada, nisikilize vizuri," alisema. "Gari linatoka sasa hivi. Likifika mzunguko wa sokoni, dereva atakupigia kwenye namba hii hii, umwelekeze mwenyewe mpaka mlangoni. Kwa hiyo hii simu isitumike kwa kitu kingine chochote. Mgonjwa msimsogeze. Na mkono usiutoe hapo."

"Sawa. Nimeelewa."

Nilielewa kweli. Nikamtuma Mwalimu akasimame kule kwenye mashine ya kusaga alipungie gari. Akatoka mbio na nusu kichwa chake, bila hata kujitazama kwenye kioo, na mpaka leo mwanamke huyo kwangu hasuki kwa foleni.

Aliyeingia baada yake ni jirani yetu wa vipuri. Mtaani tunamwita Bwana Adabu. Ni mtu ambaye hawezi kupita mbele ya watu wawili wanaogombana bila kuwaamkia kwanza. Ndiye alikuwa mshenga wetu nilipoolewa, na kwa hiyo ukoo mzima wa mume wangu unamhesabu kama wa nyumbani, hata kwenye lile kundi lao la simu yumo. Alisikia kelele zangu, akabisha hodi mlango ukiwa wazi, akangoja nimkaribishe. Alipoona sakafu, alishika kifua na kuugeukia ukuta.

"Shemeji, nisamehe, damu huwa siiwezi. Lakini niambie nifanye nini."

Sikuwa na wa kuchagua. "Shika hiyo simu. Ambulensi watapiga. Akipiga mtu mwingine yeyote, kata. Umenisikia? Kata."

"Nimekusikia, shemeji."

Akasimama akiwa ametazama ukuta, simu yangu mkono wa kulia. Sikuona kwamba mkono wa kushoto ulikuwa na simu yake, na kwamba kidole gumba kilikuwa kinaandika. Alikuwa anawajulisha ndugu. Kwake yeye, mtu kuumia na ndugu wasijue ni jambo la aibu, ni kama kumficha. Aliandika kwa nia safi kabisa kwamba Fundi amekatwa na kioo, hali si nzuri, na kwamba mkewe yuko naye.

Simu ya kwanza kuita ilikuwa ya wifi yangu mkubwa.

"Ni wifi yako," Bwana Adabu alisema.

"Kata!"

Akapokea. Nilisikia kwa masikio yangu. "Hujambo dada? ... Ndiyo, ndiyo, tuko naye ... Alikuwa anashusha kioo ..." Akaanza kusimulia tangu mwanzo, kwa mpangilio, na wifi yangu kule akawa anaangua kilio, na Bwana Adabu akawa anambembeleza.

"Wewe! Nimesema kata!"

Akafunika simu kwa kiganja. "Shemeji, mtu kapiga kwa uchungu, nimkatie usoni?"

Alipomaliza kuaga, na kuaga kwake kuna hatua zake, simu haikupata hata nafasi ya kupoa. Mjomba. Akapokea. Binamu wa Fundi anayeishi mji mwingine. Akapokea. Kila mmoja alitaka kusema pole, na kila mmoja alitaka kuambiwa upya ilikuwaje. Wengine, nilikuja kujua baadaye, walikuwa wameshapiga ile namba ya dharura nao, kila mtu na habari yake: mmoja kasema Fundi kaanguka ghorofani, mwingine kasema kagongwa na lori la vioo huko barabara ya juu. Walitaka kuharakisha gari. Nawajua, hakuna hata mmoja kati yao mwenye roho mbaya, na hilo ndilo linalonitia hasira mpaka leo, maana mtu mwenye roho mbaya ungejua pa kumshikia.

"Mikono yako inatetemeka," Fundi aliniambia.

"Ni baridi."

"Kuna joto la kuchemsha chai, unasema baridi." Alijaribu kucheka. Midomo yake ilikuwa imekauka na jasho lilimtoka kipaji chote. "Mguu siusikii, mama watoto. Hauumi hata."

Kutouma kulinitisha kuliko damu. Nikamwambia ni vizuri, hauumi maana unapumzika. Mume wangu kazi yake ni kupanda. Anapanda ngazi na kioo mgongoni, anasimama kwenye ukingo wa dirisha usiotosha hata chungu cha ua. Nilikandamiza mpaka mabega yakawaka moto.

Kisha nikasikia king'ora.

Kilikuja kutoka sokoni, kikaongezeka, kikawa kikubwa kiasi kwamba vioo vilivyobaki kwenye rafu vilianza kutetemeka. Kilikuwa hapo hapo, upande wa pili wa ukuta, kwenye barabara ya mbele. Kikanyamaza. Gari limesimama. Tungeweza kurushiana mawe.

Simu yangu ilikuwa mkononi mwa Bwana Adabu, na ndani yake alikuwa shangazi wa Fundi, analia.

Ikasikika tit. Halafu tit nyingine.

"Kuna simu nyingine inataka kuingia," alisema Bwana Adabu. "Haina jina."

"Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo, Mungu wangu, pokea hiyo!"

Alibonyeza. Alibonyeza tena. Akanigeukia, macho kayafumba asione damu, akaninyooshea simu kama mtoto aliyeharibu kitu. "Imebaki ya shangazi."

Sijawahi kumpiga mtu mzima, lakini siku ile kilichomwokoa ni kwamba mikono yangu ilikuwa na kazi. "Mwache shangazi! Weka simu hapo! Nenda ukutani, panda juu ya kitu, waite!"

Aliitupa simu kwenye kigoda akatoka. Ukuta ule ni mrefu, na jirani yetu wa upande wa kulia ni mchomeleaji, mashine yake haikuwa imezimwa. Nilimsikia Bwana Adabu akiita kwa sauti yake yote. Alikuwa anaita, "Hodi! Hodi jamani, samahanini!" Mtu anakufa, yeye anabisha hodi kwenye ukuta.

Shangazi akakata mwenyewe. Kikafuata kimya kidogo, na katika kimya hicho nikaitazama simu na kuiambia kwa moyo, ita, ita, ita. Ikaita. Moyo ukaruka kwa furaha. Nikasoma jina.

Baba Mkubwa.

Kila ukoo una mzee mmoja ambaye hakatizwi. Akizungumza, hata maji ya kunywa mtu hayamezi kwa sauti. Wetu ndiye huyo, kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe wangu, aliyemlea Fundi tangu akiwa mdogo wa kubebwa. Salamu za Baba Mkubwa si salamu tu, ni ukaguzi wa nyumba nzima, chumba kwa chumba. Nikaamua simu iite mpaka ichoke. Kuita kwenyewe kulikuwa kunazuia njia, lakini kungekwisha.

Mkono wa Fundi ukainuka. Sijui nguvu alizitoa wapi. Aliichukua simu kwenye kigoda, akaiweka sikioni.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

Nilidhani nimechanganyikiwa. "Fundi, kata."

Akanitikisia kichwa. Macho yalikuwa yanamzunguka, lakini shingo aliinyoosha, kama anavyofanya akiwa mbele ya mzee yule. Nikamsikia Baba Mkubwa kule, sauti nzito, inatembea polepole. "Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Mama watoto hajambo? Watoto je? Na shule?"

"Hawajambo ... Baba Mkubwa."

"Kazi inakwendaje? Mvua huko zimenyesha?"

Tit. Tit.

"Kidogo ... zimenyesha kidogo," alisema mume wangu, na kichwa chake kikaanza kuinama kifuani.

"Huku bado. Tunaangalia tu mawingu. Sasa mwanangu, nimesikia habari moja hapa imenisumbua kidogo ..."

Tit. Tit. Tit.

Nyuma ya ukuta king'ora kikawashwa tena. Kilitoa mlio mmoja mfupi, halafu ule mrefu, na ule mrefu ulikuwa unakwenda. Unajua tofauti ya sauti inayokuja na inayokwenda. Mtoto mchanga anaijua.

Niliweka goti langu mahali palipokuwa na mikono, nikaegemeza uzito wangu wote. Nilihisi maji ya moto yakipenya kwenye gauni. Nikampokonya mume wangu simu, nikaiweka mdomoni, nikapiga ukelele ambao ulimnyamazisha hata mchomeleaji.

"Baba Mkubwa, nyamaza! Mwanao anakufa hapa, wewe unaulizia mvua! Toka kwenye simu yangu!"

Nikakata. Au nilitaka kukata, maana vidole vyangu vilikuwa vimelowa damu na simu ilikataa kunitambua. Nilifuta kidole kwenye nywele zangu, nikafuta tena kwenye ulimi, nikabonyeza, na ukimya wa Baba Mkubwa, ukimya wa mzee ambaye hajawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote, ukazimika. Fundi alinitazama. Katika hali ile, damu imemwishia, nilimwona ameniona vibaya.

Nikaipigia ile namba isiyo na jina. Inatumika. Nikapiga tena. Ikapokelewa na mwanamume mwenye haraka.

"Kaka, mimi ndiye mwenye mgonjwa wa kioo. Mmepita! Mlikuwa hapa mkapita!"

"Mama, tumekupigia, tumepiga, tumepiga. Muda wote inatumika. Na habari zenyewe zinapingana, mmoja anasema hapa, mwingine barabara ya juu. Utaratibu wetu mpigaji asipopatikana tunaondoka. Watu wanatuchezea kila siku. Sasa nimeshapewa ajali nyingine, nimeshageuza."

"Kaka yangu, huu si mchezo."

"Wote husema hivyo, mama."

Nilikuwa na matusi ya kumtosha yeye na kizazi chake. Niliyameza. Nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja tu, nikakitumia: nikamsogezea Fundi simu mdomoni. "Sema na dereva. Sema chochote."

Alivuta pumzi. Ilimchukua muda, na nilimsikia dereva kule akivuta gia.

"Kaka," alisema mume wangu, sauti imebaki nyuzi, "habari za kazi. Samahani kwa usumbufu."

Dereva akakanyaga breki. Nadhani wanaowachezea hawaombi samahani. Nikasikia akizungumza na mtu aliye kando yake, kisha na kituo chao kwa redio, na kila alipokuwa akisubiri kujibiwa, simu yangu ilikuwa inalia tit, tit, ndugu wamepanga foleni na pole zao. Niliishika kwa ncha za vidole mbali na uso, nikiogopa hata shavu langu lisije likagusa kitu.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Ile ajali watampa mwenzangu. Ninarudi. Nielekeze."

Nilimwelekeza kwa kona, kwa mti uliokatwa, kwa duka lililofungwa, huku goti na mikono vikipokezana juu ya jeraha. Karibu na mashine ya kusaga alisema, "Hapa naona mama mmoja katikati ya barabara, nusu kasuka, nusu hajasuka. Hasogei. Anataka tumgonge?"

"Ndiye huyo! Mfuate! Popote anapokimbilia, mfuate!"

Kichochoro chetu kinapitisha mkokoteni tu, kwa hiyo walikuja kwa miguu na machela, Mwalimu mbele, Bwana Adabu nyuma akiwaambia karibuni, karibuni. Muuguzi alipiga magoti mahali pangu akaniambia niachie. Mikono haikuachia. Ilibidi anifumbue kidole kimojakimoja. Alifunga paja kwa mkanda, akashika unyayo wa Fundi, akaubonyeza kwa muda, akamtazama dereva. Wala hakutikisa kichwa, lakini niliona.

"Umekaa hivi tangu lini?" aliniuliza.

Nilimwambia sijui. Nilijua ni tangu tusi lisipokuja, lakini hiyo siyo saa.

Hospitalini walimchukua moja kwa moja, nami nikabaki kwenye benchi la ukumbini na gauni limekauka likawa gumu. Ndugu walifika mmoja baada ya mwingine. Walinikumbatia, walilia, walinipa pole zote ambazo hazikuwa zimefika kwa simu. Wifi yangu mkubwa alinifuta uso kwa kitambaa chake, akakaa karibu yangu, akanong'ona, "Ni kweli umemwambia Baba Mkubwa anyamaze?"

"Kweli."

"Wewe!" Akashika mdomo. "Yuko njiani anakuja. Amefunga safari na hasira zake. Utapiga magoti, wifi yangu. Hilo halina mjadala."

Nilikuwa nimechoka hata kumchukia. Nikamwambia magoti yangu yamefanya kazi ya kutosha leo.

Fundi alikuwa amelala kwa dawa. Waliunganisha mshipa, tukangoja, na siku iliyofuata daktari akatoka akauliza mke wa mgonjwa ni nani. Nikasimama, na ukoo wote ukasimama nami. Alisema bila kuzunguka, na nilimheshimu kwa hilo. Mshipa wa nyuma ya goti umeungwa, lakini mguu ulikaa bila damu muda mrefu mno kabla ya kufika. Umeshakufa chini ya goti. Ukibaki, sumu yake itapanda mwilini na figo hazitaihimili. Inabidi ukatwe, leo, sasa, na mgonjwa hawezi kuulizwa.

Shangazi alianguka kwenye benchi. Mjomba akakohoa. "Daktari, tunaomba subira kidogo. Kuna mzee wetu yuko njiani. Ndiye mwenye kauli katika jambo kubwa kama hili. Hatuwezi kufanya bila yeye."

"Atafika lini?"

"Gari lao limepata pancha, lakini si muda mrefu."

Wote waliitikia kwa vichwa. Walinitazama mimi, si kwa ubaya, walikuwa wananisubiri niitikie kwa changu. Nikaiona picha nzima. Baba Mkubwa ataingia, ataamkiwa na kila mtu kwa zamu, ataketi, ataletewa maji, ataulizia safari za wengine, kisha ataomba aelezwe tangu mwanzo.

"Kateni," nilimwambia daktari.

"Shemeji!" Hiyo ilikuwa sauti ya Bwana Adabu.

"Mimi ndiye mkewe, mmeniuliza mimi. Kateni. Nataka baba wa watoto wangu, hata akiwa nusu."

Daktari akageuka akaenda, viatu vyake vya mpira vikilia kwenye sakafu. Hakuna aliyenisemesha mpaka jioni. Baba Mkubwa alifika mambo yameshakwisha. Hakuniitikia salamu yangu, akaketi mwisho kabisa wa benchi na fimbo yake katikati ya magoti. Nilimtazama kwa muda, mzee wa watu, akiutazama mlango waliomwingizia Fundi. Nilikuwa na hasira naye na nilimwonea huruma, vyote kwa pamoja, na sikujua pa kuviweka.

Fundi alifumbua macho asubuhi. Waliniruhusu niingie peke yangu. Walikuwa wamemfunika shuka mpaka kifuani, na chini wameweka kitu cha kuinua shuka hivi kwamba usingeona kitu. Aliniangalia, akalitafuta jina langu, akalipata. Nilimnywesha maji kwa kijiko. Nilikuwa nimejiandaa usiku mzima, maneno nimeyapanga, nimeyapangua.

Yeye ndiye aliyeanza. "Baba Mkubwa yuko wapi?"

"Yuko nje."

"Umeshamwomba radhi?"

"Bado."

Akafumba macho kwa uchungu, na haukuwa uchungu wa mwili. "Mama watoto. Mzee yule alinilea. Alikuwa anatusalimia tu, nawe ukamfokea namna ile, watu wanasikia. Nitamtazamaje usoni? Ahadi moja tu nakuomba. Mimi nikitoka hapa, kitu cha kwanza, twende wote kwake, tutembee mpaka pale kwake, tukapige magoti."

Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kushuka pembeni ya kitanda, taratibu, unatafuta mahali panapowasha. Niliuwahi. Niliushika kwa mikono yangu miwili, nikaukandamiza kwenye godoro, na nikaanza kumwambia.